Kutoka AS/400 hadi Printa ya Ofisini: Njia ya Karatasi na Mahali Inapokwama

Uhasibu wakipiga simu kusema "Fundi, printa imegoma," watu wengi wa kompyuta huinuka na kwenda kuitazama printa. Wanaizima, wanaiwasha, wanavuta trei, wanatikisa tona. Kwa ofisi inayochapa kutoka Windows, mara nyingi hilo linatosha. Lakini kwa ofisi inayochapa kutoka seva ya daraja la kati, ile iliyozinduliwa na IBM Juni 1988 kwa jina la AS/400, ikaitwa iSeries mwaka 2000, System i mwaka 2006, na tangu 2008 mfumo wake ukajulikana kama IBM i, printa ni kituo cha mwisho tu cha safari yenye hatua tatu. Kwanza programu inatengeneza kurasa. Kisha kurasa hizo zinageuzwa kuwa lugha ambayo printa inaielewa. Mwisho, data inasafirishwa kupitia mtandao. Kila tatizo lina hatua yake, na anayeitambua hatua hiyo kabla ya kugusa kitu hapotezi siku nzima kwenye printa ambayo haina kosa.

Tuchukue mfano wa msambazaji wa bidhaa mwenye makao makuu Posta, Dar es Salaam, ambako seva iko, bohari kando ya Barabara ya Nyerere, na tawi Mwanza linalofikiwa kwa VPN. Uhasibu wana printa ya leza, bohari wana printa ya utepe inayochapa hati za kupokelea mizigo kwenye karatasi za nakala tatu, na Mwanza wana leza nyingine ndogo. Ofisi za namna hii ni za kawaida mjini, na zote tatu zinahitaji kusanidiwa kwa namna tofauti.

Hatua ya kwanza: spuli

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya RPG au COBOL haijui printa yoyote. Inaandika mistari kwenye faili la printa, kwa mfano QSYSPRT, na mfumo unaikusanya mistari hiyo kuwa faili la spuli na kuliweka kwenye foleni ya uchapaji. Kwa kawaida faili hilo liko katika muundo wa SCS, mpangilio wa IBM wa mistari ya kuchapwa, na herufi zake ni za EBCDIC, jedwali la herufi la IBM, siyo ASCII inayotumiwa na kompyuta za mezani na printa karibu zote. Kazi nyingine kabisa, iitwayo raita, inayoendeshwa ndani ya mfumo mdogo wa QSPL, ndiyo inayolitoa faili kwenye foleni na kulipeleka.

Kwa hiyo swali la kwanza unapopokea ile simu ni: faili liko wapi? Andika WRKOUTQ na jina la foleni, kisha soma safu ya hali. RDY maana yake faili liko tayari na linasubiri raita. Kama yote yako RDY na hakuna kinachosogea, raita haijaanzishwa. HLD maana yake limeshikiliwa, ama na mtu ama na programu yenyewe. SND maana yake linatumwa kwa printa ya mbali. MSGW maana yake mfumo umeuliza swali na unasubiri jibu, na hali hii ndiyo inayozisimamisha foleni nyingi kuliko hitilafu yoyote ya printa.

Swali lenyewe mara nyingi ni ujumbe CPA3394, unaoomba uweke karatasi za aina fulani. Mtengenezaji wa programu aliandika FORMTYPE(ANKARA) kwenye faili la printa, raita ilikuwa inachapa aina *STD, ikakuta aina mpya, ikasimama kuuliza. Ujumbe ulikwenda QSYSOPR, foleni ya ujumbe ya mwendeshaji wa mfumo, ambako hakuna mtu anayesoma. Weka 7 mbele ya faili, soma ujumbe, jibu G, na kazi itaendelea. Kwa printa ya leza yenye karatasi nyeupe tupu, ondoa kero hiyo moja kwa moja kwa kuanzisha raita hivi:

STRPRTWTR DEV(PRTUHAS) FORMTYPE(*ALL *NOMSG)

Kwa printa ya bohari yenye fomu zilizochapwa tayari, usifanye hivyo. Pale swali lina kazi: linazuia ripoti ya hisa isichapwe juu ya hati za kupokelea mizigo, ambazo zina gharama na namba za mfululizo.

Hatua ya pili: kugeuza

Kigeuzi cha uchapaji kilichomo ndani ya mfumo ndicho kinachochukua SCS na kuifanya PCL, lugha ya printa za HP ambayo watengenezaji wengine wengi pia wameipokea. Unakiwasha kwa TRANSFORM(*YES) na kukiambia aina ya printa kwa MFRTYPMDL. Usihangaike kutafuta jina kamili la printa mpya uliyonunua. Kwa leza nyeusi ya ofisi, *HP4 inafanya kazi kwenye printa nyingi zinazoelewa PCL 5.

Neno "zinazoelewa" ndilo la kuzingatia unapokwenda kununua. Leza nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani hazina lugha yoyote ndani yake. Zinategemea kompyuta ya Windows izichoree kila nukta ya ukurasa. Seva haiwezi kufanya hivyo, na matokeo yake ni printa inayopepesa taa bila kutoa karatasi, au inayotoa kurasa nyingi zenye mstari mmoja wa herufi za ajabu kila moja. Nyingine zina lugha ya mtengenezaji mwenyewe tu, kama UFR II ya Canon. Nyingine zimeandikwa PCL 6 kwenye boksi. Hiyo ni lugha tofauti na PCL 5, ingawa printa nyingi zenye PCL 6 zina zote mbili. Kabla ya kulipa, fungua orodha ya sifa za printa na utafute maandishi "PCL 5e" au "PCL 5c". Yasipokuwepo, iache dukani hata kama bei inavutia.

Kama printa za aina hiyo zimeshanunuliwa, njia iliyobaki ni kuzipitisha kwenye kompyuta: kipindi cha printa cha 5250 ndani ya IBM i Access Client Solutions hupokea kurasa na kuzichapa kwa kiendeshi cha Windows. Inafanya kazi, lakini kompyuta ile ikizimwa saa kumi na moja jioni, uchapaji nao unakoma. Ni njia ya dharura, isiwe ya kudumu.

Kuna kipimo kimoja kizuri sana cha kutenganisha hatua ya kwanza na ya pili. Kwenye matoleo ya sasa ya IBM i yenye bidhaa ya Transform Services, CPYSPLF inaweza kutoa PDF:

CPYSPLF FILE(QSYSPRT) TOFILE(*TOSTMF) TOSTMF('/home/jaribio.pdf') WSCST(*PDF)

Ukiifungua PDF na kukuta ripoti iko sawa, programu haina kosa. Tafuta kwenye kigeuzi au mtandao. Ikiwa PDF nayo imekatika pembeni, usiiguse printa. Mtafute aliyeandika ripoti.

Hatua ya tatu: njia mbili za kusafirisha

Seva inaweza kuifikia printa ya mtandao kwa maelezo ya kifaa cha *LAN, au kwa foleni ya mbali inayotumia LPR, itifaki ya kutuma faili zima la kuchapwa kwa mkupuo mmoja. Mafundi wengi huchagua LPR kwa sababu ni amri moja fupi. Ushauri wetu ni kinyume: tumia maelezo ya kifaa kila printa inapokubali, na uiache LPR kwa pale ambapo hakuna njia nyingine.

Sababu ziko wazi. Kwenye maelezo ya kifaa, seva inazungumza na printa na kupata majibu: imechapa ukurasa gani, karatasi zimekwisha, mlango uko wazi. Unaweza kuomba kurasa za 12 hadi 15 tu. Kwenye LPR, seva inatuma faili lote kisha inahesabu kazi imekwisha. Karatasi ikikwama baada ya hapo, faili la spuli limeshafutwa na mtumiaji anabaki na nusu ya ripoti. Kuchagua kurasa hakuwezekani. Isitoshe, LPR inataka kujua ukubwa wa data kabla ya kuanza kutuma, hivyo ripoti ya kurasa mia tano inageuzwa yote kwanza wakati printa imekaa kimya, na mtumiaji anadhani imekwama na kuituma mara ya pili.

Kwa leza ya uhasibu amri ni hii:

CRTDEVPRT DEVD(PRTUHAS) DEVCLS(*LAN) TYPE(3812) MODEL(1) LANATTACH(*IP) PORT(9100) FONT(011) FORMFEED(*AUTOCUT) PRTERRMSG(*INFO) TRANSFORM(*YES) MFRTYPMDL(*HP4) PPRSRC1(*A4) PPRSRC2(*A4) INACTTMR(*SEC15) RMTLOCNAME('10.10.20.31') SYSDRVPGM(*IBMSNMPDRV) TEXT('Leza ya uhasibu')

Kifaa kikishaundwa, mfumo unatengeneza foleni yenye jina lilelile ndani ya maktaba ya QUSRSYS. Kiwashe, kisha uanzishe raita:

VRYCFG CFGOBJ(PRTUHAS) CFGTYPE(*DEV) STATUS(*ON)

STRPRTWTR DEV(PRTUHAS)

TYPE(3812) na MODEL(1) zisikutishe: seva inaiona printa kama ile ya zamani ya IBM, na kigeuzi ndicho kinachoifanya iwe leza ya leo. FONT(011) ni Courier ya herufi 10 kwa inchi. FORMFEED(*AUTOCUT) ni ya karatasi mojamoja za kwenye trei.

Kiendeshi unachokitaja kwenye SYSDRVPGM kinaamua mazungumzo yatakuwa ya namna gani. *HPPJLDRV inatumia PJL, amri za HP zinazopita kwenye porti ileile ya data, na inahitaji printa ijibu. *IBMSNMPDRV inatuma data kwenye 9100 lakini inauliza hali ya printa kwa SNMP, itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao, kupitia porti 161 ya UDP. Kwa printa za leo tunapendelea SNMP, kwa sababu inafanya kazi na watengenezaji wengi zaidi. Ina mtego mmoja. Kiendeshi huuliza kwa jina la jumuiya "public", na siku watu wa usalama wa mtandao watakapozima SNMP kwenye printa zote au kubadili jina hilo, uchapaji kutoka kwenye seva utakatika huku Windows ikiendelea kuchapa vizuri kabisa. Printa inajibu ping, ukurasa wake wa wavuti unafunguka, na bado raita haisogei. Ukiona dalili hizo zote pamoja, nenda kwenye mipangilio ya SNMP ya printa kabla ya mahali pengine popote.

INACTTMR(*SEC15) ni ya amani ofisini. Inaiambia raita iachie muunganisho sekunde 15 baada ya foleni kuisha. Ukiweka *NOMAX, seva inaweza kuishikilia printa kutwa, na wenye kompyuta watakuja mlangoni kwako kulalamika.

Kwa Mwanza, kama printa yao haijibu PJL wala SNMP, tunashuka kwenye foleni ya mbali:

CRTOUTQ OUTQ(QUSRSYS/PRTMWANZA) RMTSYS(*INTNETADR) RMTPRTQ('raw') AUTOSTRWTR(1) CNNTYPE(*IP) DESTTYPE(*OTHER) TRANSFORM(*YES) MFRTYPMDL(*WSCSTA4) WSCST(QGPL/HP4A4) INTNETADR('10.40.5.12') DESTOPT('XAIX')

Jina la foleni ya printa liwekwe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo mfumo utaligeuza kuwa herufi kubwa, na baadhi ya printa hutofautisha "raw" na "RAW". Kwenye kadi za mtandao za HP ziitwazo JetDirect kuna pia foleni iitwayo "text". Usiitumie hapa, kwa sababu inaongeza alama zake kwenye mistari na kuivuruga PCL. XAIX ni chaguo linalohusu namna seva inavyotuma kazi yenye nakala zaidi ya moja. Na kwa kuwa LPR haijui kama karatasi ilitoka, weka SAVE(*YES) kwenye faili la printa la ripoti muhimu ili nakala ibaki kwenye foleni.

A4, na printa inayoomba Letter

Seva hizi zimezaliwa Marekani, na kigeuzi kisipoambiwa vinginevyo kinachagua karatasi ya Letter, inchi 8.5 kwa 11. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Matokeo yake yanaonekana kwenye kioo kidogo cha printa: kazi imefika, taa ya njano inawaka, na maandishi yanaomba uweke Letter kwenye trei. Mtu akibonyeza kitufe cha kuendelea, ukurasa unatoka kwenye A4. Baada ya siku chache ofisi nzima imejifunza kubonyeza kitufe hicho kwa kila ripoti, na hakuna tena anayeona kuwa ni kosa.

Kwenye maelezo ya kifaa, dawa ni PPRSRC1(*A4) na PPRSRC2(*A4) kama zilivyo hapo juu. Zisipotajwa, kigeuzi kinafuata chaguo la aina ya printa, ambalo kwa *HP4 ni Letter. Ndani ya PCL tofauti yote ni alama chache: &l2A inaomba Letter, &l26A inaomba A4, kila moja ikitanguliwa na alama ya ESC isiyoonekana. Ukiwahi kukuta karatasi iliyochapwa "&l26A" wazi juu kabisa, umeshajua pia kwamba printa hiyo haielewi PCL.

Foleni ya mbali haina PPRSRC, na ndiyo sababu ya kuona *WSCSTA4 kwenye amri ya Mwanza. Kwanza toa jedwali la kigeuzi la *HP4, kisha ulitengeneze kuwa kitu chako:

RTVWSCST DEVTYPE(*TRANSFORM) MFRTYPMDL(*HP4) SRCMBR(HP4A4) SRCFILE(QGPL/QTXTSRC)

CRTWSCST WSCST(QGPL/HP4A4) SRCMBR(HP4A4) SRCFILE(QGPL/QTXTSRC)

Printa nyingi za HP zina pia chaguo kwenye menyu la kupuuza tofauti ya A4 na Letter. Linasaidia kwa haraka, lakini linapotea printa ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa hiyo rekebisha kwenye seva hata kama umelibonyeza.

Hesabu ya herufi 132

Ripoti nyingi za zamani zina upana wa herufi 132 na urefu wa mistari 66, yaani PAGESIZE(66 132). Kwa herufi 10 kwa inchi, upana huo ni inchi 13.2. A4 iliyosimama ina inchi 8.27. Hakuna muujiza utakaoiingiza humo bila kupunguza herufi.

Kwa herufi 15 kwa inchi bado unahitaji inchi 8.8, na safu ya mwisho, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye jumla, inakatwa. Kwa 16.7 unahitaji 7.9, na leza nyingi huacha kama sehemu moja ya sita ya inchi kila upande bila kuchapa, hivyo eneo halisi ni karibu inchi 7.93. Inaingia kwa unywele, lakini inaingia. Ukiulaza ukurasa, upana si tatizo tena, ila urefu unakuwa tatizo: mistari 66 kwa mistari 8 kwa inchi ni inchi 8.25, karibu upana wote wa A4, na mistari ya mwisho itaangukia ukurasa wa pili. Tumia LPI(9), utahitaji inchi 7.33 tu. PAGRTT(*COR) hufanya upunguzaji huu wenyewe na kwa ripoti za kawaida inatosha, lakini kwa fomu zenye visanduku fanya hesabu kwa mkono.

Dola inapogeuka pauni

Kiswahili hakina herufi za kuisumbua EBCDIC. Hata ng' inahitaji alama ya kawaida tu. Hatari iko kwenye alama za fedha. Kwenye jedwali la herufi 37 la Marekani, thamani 5B ya mfumo wa kumi na sita ni alama ya dola. Kwenye jedwali 285 la Uingereza, thamani hiyohiyo ni alama ya pauni, na dola imehamia 4A. Ikiwa data imehifadhiwa kwa 37 na printa imeambiwa 285, ankara ya dola 4,000 itatoka ikiwa ya pauni 4,000, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaoonekana. Kwa kampuni inayotoza dola mizigo ya bandarini, hilo ni jambo la kumfikia mteja na kurudi na mzozo. Angalia thamani ya mfumo QCHRID, kisha CHRID kwenye faili la printa, na zote zilingane na data, kwa mfano CHRID(697 37). Dalili ndogo ya mapema ni alama ya mshangao kutoka ikiwa bano la mraba, au kinyume chake, jambo linalotokea kati ya 37 na 500.

Printa ya utepe ya bohari

Karatasi za nakala tatu zinahitaji kugongwa, kwa hiyo leza haiwezi kuichukua kazi ya printa ya sindano. Aina pana kama Epson LQ-2190 kwa kawaida huunganishwa kwa USB au kebo ya sambamba, na utahitaji kisanduku cha seva ya uchapaji ili kuiingiza kwenye mtandao. Visanduku vingi vya bei nafuu hupeleka data upande mmoja tu: havirudishi majibu ya PJL, na SNMP yake haina taarifa ambazo kiendeshi kinazitafuta. Hapa LPR ni halali kabisa. MFRTYPMDL iwe ya Epson, kama *EPLQ1170, na kama maandishi yanatoka lakini nafasi si sahihi, kagua kwenye printa yenyewe kama imewekwa iige ESC/P au IBM.

Urefu wa fomu upimwe kwa rula. Fomu ya inchi 11 kwa mistari 6 kwa inchi ni mistari 66. Ya inchi 12 ni 72. Ukikosea mstari mmoja, ukurasa wa kwanza uko sawa, wa kumi umeteremka mistari tisa, na maandishi yanapita juu ya mistari ya fomu. Kwa hiyo, fomu inayoteremka kidogo kidogo ni kosa la PAGESIZE. Inayoruka ghafla ni matundu ya pembeni yaliyokosa meno.

Mtandao wenyewe

Ipe kila printa anwani ya kudumu, au uihifadhi kwenye DHCP, huduma inayogawa anwani, kwa namba ya kadi yake. Umeme ukikatika na kurudi, printa mara nyingi huamka kabla ya ruta. Isipopata jibu la DHCP inajipa anwani inayoanza na 169.254, na seva haitaiona tena mpaka mtu aizime na kuiwasha. Chapa ukurasa wa usanidi kwenye printa na usome anwani iliyoandikwa pale, usiamini karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kwenye faiwoli ruhusu, kutoka seva kwenda printa tu, porti 9100 ya TCP, 161 ya UDP, na 515 kwa wanaotumia LPR.

Kwenye VPN ya matawi kuna tatizo linalowachanganya hata wazoefu: ankara ya mistari michache inatoka Mwanza, ripoti ndefu inakwama na kubaki SND. VPN inaongeza vichwa vyake kwenye kila pakiti, pakiti kubwa za baiti 1500 hazipiti, na kama ujumbe wa kuiarifu seva umezuiwa na faiwoli, seva inarudia kutuma zilezile bila mwisho. Kutoka kompyuta ya Windows makao makuu, andika ping -f -l 1472 na anwani ya printa. Ikikataa, punguza namba mpaka ikubali, ongeza 28, na hiyo ndiyo MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya njia ile. Iweke kwenye ruti ya tawi hilo ndani ya CFGTCP, chaguo la 2.

Ikibidi kuanza upya, usifute spuli. Andika ENDWTR na jina la raita, OPTION(*IMMED), zima kifaa kwa VRYCFG, kiwashe tena, na uanzishe raita. Mafaili yatasubiri kwenye foleni.

Usiiunge leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta: kipasha joto chake huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla na kuizidi. Iweke kwenye kidhibiti umeme, na UPS uiachie swichi na kisanduku cha seva ya uchapaji. Kwa unyevu wa pwani yetu, rimu ya karatasi iliyofunguliwa isikae nje wiki nzima. Karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja kwenye joto la leza na kukwama, na watu wanailaumu roli isiyo na kosa.

Foleni ya mishahara itengwe na nyingine zote. Foleni inayoachwa na ruhusa za kawaida inamruhusu mtu mwenye *JOBCTL kuidhibiti, na mafaili yake kuonekana na watu wasiohusika. Unda yake hivi:

CRTOUTQ OUTQ(MISHAHARA/PRTMSH) DSPDTA(*OWNER) OPRCTL(*NO) AUT(*EXCLUDE)

Kisha wape ruhusa waandaaji wa mishahara kwa majina yao. Hata hivyo, mwenye mamlaka maalumu ya *SPLCTL ataendelea kusoma kila kitu kwenye kila foleni, na mamlaka hayo hayazuiwi na mpangilio wowote wa foleni. PRTUSRPRF TYPE(*AUTINFO) itakuchapia orodha ya watumiaji na mamlaka yao. Mara nyingi utakuta *SPLCTL kwa mtu aliyepewa miaka iliyopita ili aweze kufuta faili moja lililokwama.